Kabla ya Kunyosha Meno

Leo twataka kuwasimulia habari ya kinywa chetu wenyewe. Kwa desturi mtu hatangazi meno yake mbele za watu, nasi tulisita majuma mengi kabla ya kushika kalamu. Lakini jambo lililotupata laweza kuwapata wengi, wakubwa kwa vijana wa mashule, hasa siku hizi ambapo matangazo ya kunyosha meno yafika mpaka katika simu za wanafunzi wetu. Basi, na tuyaseme bila haya.

Tangu utoto meno yetu ya mbele ya chini yamesongamana kama watu kwenye benchi fupi, na upande wa juu chonge moja imetoka nje ya safu. Katika shule ya misioni wenzetu walitupa jina ambalo hatutaliandika hapa. Katika seminari ndogo tulizoea kuimba mdomo ukiwa nusu wazi, na Padri aliyetufundisha kuimba alituonya mara nyingi bila kujua sababu. Mpaka leo, tukisimama mbele ya darasa na kichekesho kikatokea, mkono wapanda wenyewe kufunika mdomo. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa letu, naye meno yake yamepandana, alianza kufanya vivyo hivyo: akicheka, mkono juu. Tulimwona, tukajua ni nani aliyemfundisha.

Ndugu yetu mdogo wa kike ni muuguzi huko Ubelgiji. Alipokuja Lubumbashi likizoni alitutazama, akasema: «Yaya, siku hizi si lazima kufungwa nyaya mdomoni. Kuna vifuniko vinavyoonyesha kama kioo, huvaliwa juu ya meno, na watu hawavioni. Tafuta mganga wa meno anayefanya kazi hiyo, nami nitalipa.» Tulimshukuru, na usiku ule tulikaa mbele ya kioo muda mrefu kuliko yampasavyo mtu wa umri wetu.

Yafaa kueleza kwanza vifuniko hivyo ni nini. Ni ganda jembamba la plastiki, unene wake haufiki milimita moja, lililofinyangwa kwa umbo la meno ya yule atakayelivaa. Mganga huchukua umbo hilo kwa ute mzito unaogandishwa kinywani, au kwa kamera ndogo inayopitishwa juu ya kila jino. Kisha kompyuta hupanga safari ya meno hatua kwa hatua. Kila kifuniko hutofautiana kidogo na kilichotangulia, hata kikivaliwa husukuma jino kwa kadiri ya robo ya milimita. Baada ya juma moja au mawili mtu huvaa kinachofuata, na hivyo kwa miezi mingi. Yapasa kuvivaa saa 20 hadi 22 kila siku, na kuvitoa wakati wa kula, na wakati wa kunywa chochote kisicho maji matupu.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1945 mganga wa meno wa Marekani, Harold Kesling, alitengeneza kifaa cha mpira cha kumalizia kazi ya kunyosha meno. Alikwisha kuona kwamba kwa mfululizo wa vifaa vya namna hiyo mtu angeweza kuyasogeza meno mbali zaidi. Lakini kuvitengeneza kimoja kimoja kwa mkono kulikuwa mzigo mno. Kampuni ya Align Technology ilipoanzishwa California mwaka 1997, ndipo kompyuta zilipochukua mzigo huo.

Tulikwenda kwa mganga wa meno, mama wa makamo, mwenye maneno machache. Tulidhani tutatoka na tarehe ya kuchukua vifuniko. Yeye alishika kijiti cha chuma chembamba chenye alama za milimita, akakipitisha taratibu kati ya ufizi na jino, mahali sita kwa kila jino, akitaja hesabu, na msaidizi wake akiandika. «Mbili, tatu, mbili. Tano, damu. Nne, damu.» Hivyo mpaka meno yote yakaisha. Sisi tuliozoea kusahihisha kazi za wengine tulijikuta twasahihishwa, tena kwa wino mwekundu.

Alipomaliza alituuliza: «Mwalimu, ukipiga mswaki damu hutoka?» Tulijibu kwamba hutoka kidogo tu, tangu miaka mingi, na kwamba kosa ni la mswaki mgumu. Akasema: «Na kama sikio lako lingetoka damu kila asubuhi unapoliosha, ungesema kosa ni la kitambaa?» Hatukuwa na jibu.

Kisha akatueleza, naye alieleza vizuri kuliko walimu wengi. Ufizi mzima huzunguka jino kama kola ya shati, na kati yake na jino pana kijifereji kifupi, cha milimita moja hadi tatu. Kila siku juu ya meno hujengeka utando laini, ambao ni vijidudu vingi vilivyoshikamana. Usipoondolewa, chokaa iliyomo katika mate huugandisha, ukawa ule ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi kuung'oa tena. Ufizi huvimba, hugeuka mwekundu, hutoka damu. Hapo bado waweza kupona kabisa. Lakini kwa watu wengine uvimbe hushuka chini: kijifereji chawa mfuko wa milimita nne, tano, saba, na mfupa unaoshika mizizi huanza kurudi nyuma. Mfupa uliokwisha kupotea kwa njia hiyo haurudi kwa urahisi. Na hayo yote hutendeka pasipo maumivu. Wakristu huumwa meno wakamwomba Mtakatifu Apolonia, aliyevunjwa meno yake huko Alexandria mwaka 249. Ugonjwa wa fizi hauumi, basi hakuna anayeuombea.

Hapo tulimkumbuka marehemu baba yetu. Alipofikia miaka hamsini meno yake yalianza kulegea, moja baada ya jingine, na kuanguka. Jino moja lilimtoka alipokuwa akila bukari pamoja nasi; alilitoa, akalipangusa, akatuonyesha kwa kicheko. Lilikuwa jino zima, jeupe, bila tundu hata moja. Tulisema: ni uzee. Yeye mwenyewe alisema: ni uzee. Miaka yake ya mwisho alikula sombe na bukari iliyolainishwa kwa mchuzi, na mahindi ya kuchoma, aliyoyapenda kuliko vyote, aliyaangalia tu wajukuu wakiyala. Tukiwa kwenye kiti cha mganga, mdomo wazi, tulielewa kwamba haukuwa uzee. Jino lisilo na tundu haliondoki bure. Lilikosa mahali pa kushika. Shirika la Afya Ulimwenguni liliandika katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba ugonjwa mkali wa fizi wawapata watu wapata bilioni moja duniani. Baba yetu alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo, nasi tulikuwa njiani kumfuata.

Tulimwuliza Mama Daktari: «Je, vifuniko haviwezi kuanza huku tukitibiwa fizi?» Alikataa kabisa, na sababu yake ndiyo kiini cha habari yetu.

Jino halikugandamana na mfupa kama msumari katika ubao. Kati ya mzizi na mfupa pana nyuzi nyingi sana, na nafasi yao ni kama sehemu mbili za kumi za milimita. Nazo hulishika jino kama kamba zinavyoushika mtumbwi gatini. Jino likisukumwa polepole, upande unaobanwa mwili wenyewe hula mfupa, na upande unaovutwa mwili hujenga mfupa mpya. Carl Sandstedt, mganga wa Uswidi, aliyaeleza hayo mwaka 1904 baada ya kuchunguza meno ya mbwa kwa darubini. Kwa hiyo anayenyoshewa meno ni mtu anayebomolewa ukuta na kujengewa mwingine, siku kwa siku, kwa miezi. Ikiwa ufizi na mfupa ni vizima, kazi hiyo huenda salama hata kwa mtu mzima. Lakini penye uvimbe, mwili umekwisha kushika njia ya kubomoa. Ukisukuma jino hapo, kubomoa huongezeka, na kujenga huchelewa au hukosekana. Mtu aweza kumaliza safari na meno yaliyonyoka vizuri, yanayotikisika.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya kazi ya mkono tu, lakini hatukuwahi kuifikiri. Picha ya mionzi ilionyesha meno mawili yaliyooza kati, mahali yanapogusana, ambapo macho hayafiki. Ilionyesha pia kipande cha mzizi ndani ya taya la chini. Tulikumbuka: tulipokuwa na miaka kumi na tisa tuling'olewa gego mahali fulani, haraka haraka, na tukaambiwa kwamba limetoka lote. Basi, alisema Mama Daktari, kifuniko hutengenezwa kwa umbo la jino kama lilivyo siku ile. Ukiziba tundu baadaye, au ukikwangua ukoga mgumu baadaye, umbo limebadilika. Kifuniko hakikai tena, na mfululizo wote waweza kuharibika. Kwanza kutibu na kuziba na kusafisha, ndipo kuchukua umbo.

Twakiri kwamba tulitoka tumekasirika. Tulimpigia simu ndugu yetu usiku, tukitumaini atatutetea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Yaya, huyo mama ana haki. Ukipata mwingine atakayekubali kuanza kesho, mkimbie.» Akaongeza kwamba fedha zake hazitakwenda kwenye vifuniko mpaka aone barua ya mganga kuhusu fizi. Wauguzi ni watu wagumu.

Kazi ilianza. Kipande cha mzizi kilitolewa, matundu mawili yakazibwa. Kusafisha fizi kulichukua siku mbili, nusu ya kinywa kila mara. Ganzi iliingizwa, kisha chombo kinachotetemeka na kurusha maji kilipitishwa chini ya ufizi. Vipande vya ukoga vilivyoanguka katika bakuli vilikuwa vyeusi na vigumu kama changarawe. Tuliaibika kuviona, kwa maana tulijihesabu miongoni mwa watu safi. Baada ya siku chache fizi zilinywea, meno yakaonekana marefu kuliko kwanza, na maji baridi yakatuchoma. Tulidhani tumeharibiwa. Kumbe uvimbe ulipoondoka, ndipo ilipoonekana mahali ufizi ulipokuwa kwa kweli.

Kisha miezi mitatu ya kungoja. Mfuko haufungi kwa siku moja. Ufizi wahitaji majuma mengi kushikamana tena na jino, na hautashikamana ikiwa mwenyewe arudisha uchafu kila siku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa ilikuwa mikononi mwetu.

Tulidhani kwamba kupiga mswaki twajua. Tulikuwa tukisugua kwa nguvu, kulia na kushoto, kama mtu apigaye deki. Mama Daktari alituondolea mswaki mgumu, akatupa laini, akatuonyesha kuulaza nusu juu ya jino, nusu juu ya ufizi, na kuutikisa polepole, dakika mbili kamili, mara mbili kila siku, na mara ya pili iwe kabla ya kulala, pasipo kula kitu tena. Dawa ya mswaki iwe yenye floridi, kadiri ya sehemu 1000 hadi 1500 kwa milioni, kama ilivyoandikwa katika bomba lake. Na baada ya kupiga mswaki tuteme povu, tusisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki kazini. Kati ya meno mswaki hauingii. Hapo tulipewa viburashi vidogo, vyembamba kama kijiti cha kibiriti, na uzi kwa mahali palipobana zaidi. Juma la kwanza damu ilizidi. Wengi huacha hapo, wakidhani wanajiumiza. Juma la tatu ilipungua, na mwezi wa pili tulitema povu jeupe, tukaita watoto waje kuona.

Mkaa, majivu na mchanga tuviache. Meno huonekana meupe, ni kweli, kwa sababu yamekwanguliwa, na gamba la jino likiisha halioti tena. Mswaki wa mti ni jambo jingine. Mama mzaa baba yetu aliutumia, akautafuna mpaka ukawa laini kama brashi, naye alikufa na meno mengi kuliko mwanawe. Sigara ni adui wa fizi, tena adui mwerevu, kwani hupunguza damu, mtu akadhani amepona. Wenye ugonjwa wa sukari wamwambie mganga wa meno tangu siku ya kwanza, maana ugonjwa huo na ule wa fizi huchocheana.

Lakini lililotushinda zaidi lilikuwa karanga. Kila mwanafunzi wetu ajua kwamba mfuko wa kulia wa koti letu una karanga, nasi tulizila moja moja tangu saa mbili asubuhi hata kengele ya mwisho, pamoja na chai yenye sukari vikombe vinne au vitano, kunywa kidogo na kuacha, kunywa kidogo na kuacha. Mama Daktari alituambia: kila mara sukari ipitapo kinywani, vijidudu huigeuza kuwa asidi, na mate huhitaji kama nusu saa au hata saa nzima kuiondoa. Ukinywa vikombe vitano kwa namna hiyo, meno hukaa katika asidi siku kucha. Sasa fikirini mtu amevaa vifuniko: plastiki huyafunga meno, mate hayafiki vema, akinywa limonadi bila kuvitoa, sukari hukaa ndani kama maji katika chungu. Ndiyo sababu yapasa kuvitoa kwa kila mlo, na kupiga mswaki kabla ya kuvirudisha.

Basi alituamuru kuishi ile miezi mitatu kana kwamba vifuniko viko tayari mdomoni: milo mitatu, maji matupu katikati, mswaki katika mfuko. «Ukishindwa sasa,» alisema, «utashindwa hata navyo, nawe utanirudia na meno yaliyonyoka yenye matundu.» Juma la kwanza tulianguka mara nne. Mwalimu wa hesabu, mwenzetu, alizihesabu.

Wengine wametuuliza kama si afadhali kununua vifuniko kwa posta, bei ikiwa ndogo. Marekani walijaribu kwa ukubwa: SmileDirectClub, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2014, iliwatumia watu vifuniko nyumbani pasipo wao kukaa kwenye kiti cha mganga wa meno mara kwa mara. Mwezi wa Desemba 2023 ilifunga kazi yake ghafula, na wateja waliokuwa katikati ya safari wakaachwa hapo walipofika. Sisi hatuwezi kumhukumu kila mmoja aliyefuata njia hiyo. Twasema tu kwamba katika bahasha hakuna kijiti cha milimita, wala picha ya mionzi. Mfuko wetu wa milimita tano na ule mzizi uliosahauliwa vingesafiri pamoja nasi bila mtu kujua.

Katika kungoja kwetu lilizuka shauri la nyumbani. Mama wa watoto wetu alisikia kwamba kompyuta hufunga nafasi zote kati ya meno. Kwa meno yetu ya chini alikubali, na kwa ile chonge alikubali kwa furaha kuliko ilivyotupendeza. Lakini kati ya meno mawili ya juu tuna mwanya, na mwanya ule, alisema, aliuona kabla ya kutuona sisi. Kwetu mwanya ni uzuri. Wageni wauitao kasoro wana macho yao. Tulipeleka ombi hilo kwa Mama Daktari kwa aibu kidogo. Alicheka kwa mara ya kwanza, akaandika katika karatasi: mwanya usiguswe. Yaani mganga aweza kuambiwa lipi linyoshwe na lipi liachwe, mradi asemwe naye mapema.

Mwezi uliopita miezi mitatu ilitimia. Tuliketi tena, kijiti kikapita tena. «Mbili, mbili, tatu. Mbili, mbili, mbili.» Moyo wetu uliruka kama wa mwanafunzi asikiaye alama zake zikisomwa. Zile tano zilikuwa zimeshuka tatu. Kisha, nyuma ya gego la mwisho la kushoto: «Nne, damu.» Akapitisha tena. Damu.

Akaweka kijiti chini. «Bado, Mwalimu. Mahali pale hupafikii kwa mswaki. Tutapasafisha leo, nawe utarudi baada ya majuma sita.» Safari hii hatukukasirika. Tulimwuliza tu pembe ya kushika kiburashi, naye akatushika mkono kama tunavyowashika watoto wa mwaka wa kwanza kalamu.

Jambo moja zaidi. Yule msichana wa darasa letu alipata habari, hatujui kwa nani, akatujia baada ya masomo kuuliza kama vifuniko vyauma. Tulimwambia tusubiri kwanza kujibu hilo, lakini tukamweleza habari ya damu na ya kijiti. Alifikiri kidogo. Halafu akasema kwamba fizi zake hutoka damu tangu mwaka juzi, na kwamba alidhani ni kawaida kwa kuwa mama yake pia hutoka damu. Tumemwandikia mama yake barua. Wamepata siku ya kupimwa wote wawili, Jumatano ya juma lijalo, nasi tumeahidi kumsamehe msichana imla ya siku ile. Karanga tumemwachia mwalimu wa hesabu.